UZI: Ile mia mbili ya kampeni ilitoka wapi

Kila mjadala wa runinga ukifika kwa pesa za kampeni, lazima kuwe na mtu wa kusema: "Shida ni mwananchi. Amezoea vya bure." Watu kwa studio wanatikisa vichwa, mtangazaji anaenda mapumziko, na hiyo inabaki kuwa jibu. Nimelisikia mara nyingi mpaka nikaamua kuifuata hii pesa nyuma, miaka sitini hivi, nione ni nani alimzoesha nani. Sitataja mwanasiasa wala chama. Majina mtajaza wenyewe.

Tuanze na harambee, kwa sababu kila kitu kinarudi hapo.

Miaka ya kwanza ya uhuru serikali ilikuwa na pesa kidogo na watoto wengi wa kusomesha. Kijiji kikachanga, kikajenga madarasa, kisha kikaomba serikali ilete walimu. Shule nyingi za sekondari nchini zilianza hivyo, pamoja na zahanati na majosho ya ng'ombe. Watu walileta kuku, mayai, gunia la mahindi, wengine siku zao za kazi. Hakuna aibu hapo. Mpaka leo ukiona jengo la mawe kwa shule ya kijijini, kuna uwezekano babu yako alibeba baadhi ya hayo mawe.

Shida iliingia na mgeni wa heshima. Wanakijiji wanachanga shilingi tano tano, halafu anakuja mtu mmoja na gari, anatoa bahasha inayozidi ya kijiji kizima, jina linasomwa kwa kipaza sauti na watu wanapiga makofi. Kitu kilichoanza kama kazi ya wengi kikawa jukwaa la mmoja.

Na hapa lazima ukumbuke siasa za wakati huo. Kuanzia 1969 mpaka 1988, kila uchaguzi mkuu Kenya ulikuwa wa chama kimoja, kwanza kwa hali ilivyokuwa, halafu kwa sheria kuanzia 1982. Kura ya urais haikuwa na mshindani. Lakini viti vya ubunge vilipiganiwa kweli kweli, na wabunge wengi, hata mawaziri, walirudishwa nyumbani na wapiga kura. Sasa jiulize: mpiga kura alikuwa anatofautisha wagombea kwa nini? Wote ni wa chama kimoja. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama mbele ya watu na kusema sera ya ardhi ya serikali ni mbaya, au bajeti inapendelea upande fulani. Swali lililobaki salama kuulizwa lilikuwa moja: huyu ameleta nini nyumbani?

Kwa maoni yangu, mzizi ni huo. Mpiga kura hakuzaliwa akipenda bahasha. Alinyimwa kila kipimo kingine cha kiongozi kwa karibu miaka ishirini, akabaki na bahasha. Ukifunga mdomo wa sera, mkono unaotoa ndio utaongea.

Uchaguzi wa 1988 uliongeza kitu kingine, mlolongo. Kwa mchujo wa chama, watu walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake mchana kweupe, na aliyepita asilimia 70 alihesabiwa ameshinda moja kwa moja. Mengi yamesemwa kuhusu jinsi foleni fupi zilivyotangazwa kuwa ndefu. Mimi nataka uone upande wa pesa. Kwa mlolongo, aliyekupa pesa anakuona umesimama wapi. Chifu anakuona. Mwajiri wako anakuona. Ukila kwa mmoja na kusimama kwa mwingine, utaulizwa.

Sasa tufike 1992. Hapa nitakaa kidogo.

Kifungu cha katiba kilichofanya nchi kuwa ya chama kimoja kilifutwa Desemba 1991. Mwezi mmoja kabla, wafadhili wa nje walikuwa wamekutana Paris na kusimamisha misaada mipya. Kwa hivyo serikali ilikuwa inaelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya zaidi ya miaka 25, ina wapinzani halisi, kura ni ya siri, na mfuko hauna kitu. Uchaguzi ulipangwa 29 Desemba 1992.

Pesa ilipatikana. Wazee waliokuwa watu wazima mwaka huo watakueleza kuhusu kundi la vijana lililozunguka nchi likimpigia debe aliyekuwa madarakani, na noti za 500 zilivyotoka kwa mabegi. Noti yenyewe ilikuwa bado changa, iliingia sokoni 1988. Watu wakaibandika jina la kiongozi wa lile kundi. Muulize mzee yeyote nyumbani jina la ile noti, atakutajia kabla hujamaliza swali.

Ilitoka wapi? Njia moja tunaijua vizuri kwa sababu baadaye iliundwa tume ya uchunguzi, 2003. Kulikuwa na mpango wa serikali wa kuwalipa fidia wanaouza bidhaa nje ya nchi ili walete dola. Kampuni moja, Goldenberg, ilipewa kiwango chake maalum, asilimia 35, kwa kuuza dhahabu na almasi. Kenya ya wakati huo haikuwa na dhahabu ya kiasi hicho, na almasi hata usiulize. Mauzo mengi yalikuwa kwa karatasi tu, lakini shilingi zilizotoka Hazina na Benki Kuu zilikuwa za kweli. Sehemu gani hasa ya pesa hizo iliingia kwa kampeni ni jambo watu wanabishania mpaka leo. Kitu ambacho hakibishaniwi ni kwamba mwaka huo shilingi nyingi sana ziliingia mtaani bila mali ya kuzilingana.

Na matokeo yalionekana mwaka uliofuata. Mfumuko wa bei 1993 ulifika asilimia 46. Dola iliyokuwa kama shilingi 32 kwa wastani mwaka 1992 ikawa kama 58 mwaka 1993. Ukame, misaada kukatwa na shilingi kuachiliwa sokoni vilichangia pia, tusidanganyane. Lakini pesa za uchaguzi zilikuwa ndani ya huo moto.

Tufanye hesabu ya duka. Tuseme mfanyakazi alikuwa analipwa 2,000 kwa mwezi 1992, na mshahara wake haukupanda mwaka uliofuata. Kwa mfumuko wa asilimia 46, ile 2,000 sasa inanunua kile ambacho 1,370 ilinunua mwaka uliotangulia. Amepoteza thamani ya 630 kila mwezi. Kama kwa kampeni alipewa noti moja ya 500, ameshairudisha kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Miezi kumi na mmoja iliyobaki alikuwa analipa riba. Na jirani yake ambaye hakupewa hata senti, kwa sababu alikuwa upande wa upinzani, alilipa vile vile.

Ndiyo maana nikisikia "mwananchi alikula pesa ya mwanasiasa" nauliza, ya mwanasiasa gani? Aliyekula ni nani na aliyelipa ni nani?

Kuna swali watu huuliza hapa: je, pesa hununua kura kweli? Jibu la historia yetu linachanganya. Desemba 2002, chama kilichokuwa kimetawala tangu uhuru, chenye serikali nzima mkononi, kilipoteza urais vibaya. Watu walikula na wakapiga kura wanavyotaka. Shosho yangu ana leso za wagombea wanne wa kiti kimoja. Nilimuuliza alimpigia nani, akaniambia leso ni za kuvaa.

Sasa kama kura ni ya siri na shosho hawezi kudhibitiwa, kwa nini bado wanatoa? Msomi mmoja, Eric Kramon, aliandika kitabu kizima juu ya swali hili, Money for Votes, kilichotoka 2017 na sehemu kubwa yake ni Kenya. Hoja yake, kwa ufupi wangu, ni kwamba kutoa ni ujumbe zaidi ya ununuzi. Mgombea anamwonyesha maskini kwamba ana uwezo, ni wa kweli, na atawakumbuka watu kama yeye. Asiyetoa anaonekana bahili au dhaifu, mtu ambaye hatafika popote. Ni kama nauli ya kuingia kwa matatu. Haikupi kiti cha mbele, lakini bila hiyo hutapanda.

Ukikubali hivyo, basi madhara makubwa ya pesa yanatokea kabla ya siku ya kura. Yanatokea pale mtu mwenye akili na rekodi nzuri anakaa kwa meza jioni, anapiga hesabu, na anaamua hatasimama. Huyo humwoni kwa karatasi ya kura, kwa hivyo huwezi kumkosa. Ni mwalimu, ni muuguzi, mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi ni kijana.

Hesabu yenyewe ikoje? Mwaka 2021 Westminster Foundation for Democracy na Netherlands Institute for Multiparty Democracy walitoa utafiti kuhusu gharama ya siasa Kenya, wakiangalia uchaguzi wa 2017. Kusimama useneta kuligharimu wastani wa shilingi milioni 35.5. Mwakilishi wa wanawake, milioni 22.8. Ubunge, milioni 18.2. Hata uwakilishi wadi, milioni 3.1. Na aliyetumia zaidi alikuwa na nafasi zaidi ya kushinda. Uwezekano sio hakika, shosho ameshatuonyesha, lakini mwelekeo uko.

Chukua ubunge. Baada ya uchaguzi wa 2017 mshahara wa mbunge ulipangwa kuwa 621,250 kwa mwezi kabla ya kodi. Gawanya milioni 18.2 kwa hiyo, unapata miezi 29. Yaani mbunge asile, asilipe kodi, asisomeshe mtoto, awekeze mshahara wote, na bado nusu ya muhula inaisha akirudisha tu alichotumia. Halafu Jumamosi kuna matanga mawili, Jumapili kuna kanisa, na kila mtu anamtazama mfukoni. Hapo sasa ndipo mambo ya tenda, bodi na kamati yanaanza kuwa na maana ambayo haiko kwa katiba.

Lakini tuwe wa haki, sio kila shilingi ya kampeni ni hongo. Hili wachambuzi wengi wanalipita haraka. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura. Mgombea urais akitaka wakala mmoja tu kwa kila kituo, na tuseme anampa 1,000 ya chakula na nauli, tayari ni milioni 46 kwa siku moja. Na wakala ni muhimu. Fomu ya matokeo inasainiwa pale kituoni, na tuliona Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikifuta uchaguzi mzima wa urais, fomu na usambazaji wa matokeo zikiwa katikati ya kesi. Asiye na pesa ya mawakala hana macho ndani ya chumba. Kwa hivyo ukisema "tupige marufuku pesa kwa siasa" umesema kitu kizuri kwa masikio tu. Swali ni kiasi gani, kutoka kwa nani, na nani anaona hesabu.

Ada rasmi za tume, kwa njia, sio kizuizi kikubwa. 2022 urais ulikuwa 200,000, ubunge 20,000, wadi 5,000, na nusu ya hizo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vyama vikubwa ndivyo hutoza mara kadhaa zaidi ya hapo kwa mchujo wao. Na kwenye ngome ya chama, mchujo ndio uchaguzi. Agosti ni sherehe.

Sasa tuje kwa sheria, kwa sababu wengi hawajui ipo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 88, inaipa tume ya uchaguzi kazi ya kudhibiti kiasi cha pesa mgombea au chama kinaweza kutumia. Iko pale wazi. Bunge likapitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi, 2013. Ni sheria nzuri ukiisoma. Mgombea afungue akaunti maalum ya benki ya kampeni. Mchangiaji mmoja asitoe zaidi ya asilimia 20 ya michango yote. Tume itangaze kikomo cha matumizi angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi. Hesabu zipelekwe kwa tume.

Uchaguzi wa 2013 ulikuwa umeshapita. Sawa.

Kuelekea 2017, tume ilitangaza viwango, urais ukiwa kama bilioni 5.2. Bunge likaahirisha matumizi ya sheria nzima hadi baada ya uchaguzi huo.

Kuelekea 2022, tume ilitangaza tena, Agosti 2021, mwaka mmoja kamili kabla ya kura. Urais bilioni 4.4. Oktoba Bunge likavifuta, kwa hoja kwamba kanuni zake hazikuwa zimepitishwa na Bunge kwanza. Kisheria hoja hiyo unaweza kuibishania. Kisiasa, angalia tu nani alikuwa ameketi kwenye viti: watu ambao miezi kumi baadaye wangekuwa barabarani wakitumia hizo pesa. Tukapiga kura 2022 bila kikomo chochote.

Kwa hivyo sheria ina zaidi ya miaka kumi na haijawahi kutumika kwa uchaguzi mkuu hata mmoja. Imezimwa mara mbili, na mara zote mbili na wale ambao ingewabana. Mwananchi "aliyezoea vya bure" hakuwa ndani ya kile chumba.

Kuna mfuko pia wa kufadhili vyama kutoka kwa kodi, ambao sheria ya vyama vya kisiasa ya 2011 inasema usipungue asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Wazo ni kwamba chama kikipata pesa ya umma hakitapigia magoti tajiri mmoja. Vyama vimelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba mgao hauji kamili. Lakini hata ukija kamili, unagawanywa zaidi kwa kura za uchaguzi uliopita. Aliyeshinda jana anapewa mafuta ya kesho. Chama kipya kinachanga kwa WhatsApp.

Na ile harambee? Haikufa, ilibadilisha mkoba. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ilijaribu kuwawekea mipaka. Mwaka huo huo ikaja CDF, pesa ya serikali inayoenda kwa kila eneobunge, na mbunge akawa anafungua darasa lililojengwa na kodi yako huku jina lake likiwa limepakwa ukutani kwa herufi kubwa. Julai 2024, baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha, ilitangazwa kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee tena. Haikuchukua muda picha za mabunda ya noti kanisani zikarudi. Novemba mwaka huo Dayosisi Kuu Katoliki ya Nairobi ilikataa mchango wa wanasiasa hadharani, na ilikuwa habari kubwa wiki nzima. Kanisa kurudisha pesa kuwa habari, hilo pekee linakuambia tumefika wapi.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini wewe pia ungepewa mia mbili ungechukua." Pengine. Nikiwa na njaa, ndiyo. Sheria ya makosa ya uchaguzi inamshika anayetoa na anayepokea, wote wawili, na siipingi. Ila fikiria nani ni rahisi kumkamata kwa hao wawili: mama aliyeshika noti nje ya uwanja, au aliyelipia helikopta ambayo bili yake hakuna mtu ameona? Tumejenga mjadala mzima juu ya mia mbili inayoonekana ili tusiulize kuhusu bilioni isiyoonekana.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Hesabu miezi 12 nyuma, unapata 10 Agosti 2026. Hiyo ndiyo tarehe ya mwisho ya tume kutangaza viwango kama sheria inavyosema, na kabla ya hapo kanuni ziwe zimefika Bungeni, zijadiliwe, zipite, ili isirudi ile hoja ya 2021. Tume yenyewe ilikaa zaidi ya miaka miwili bila makamishna, mpaka Julai 2025, kwa hivyo muda wa kuandaa kanuni umepunguzwa tayari. Na wabunge watakaozipigia kura ni wale wale ambao majina yao yatakuwa kwenye mabango. Andikeni hiyo tarehe mahali.